Wakala anataka milioni 8 nikawe mkunga Uingereza. Niuze kiwanja?

Shikamoo Mama Mkunga,

Nina miaka 31, ni mama wa watoto wawili, na ni muuguzi mkunga wa ngazi ya stashahada katika kituo cha afya kimoja mkoani Tabora. Nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na leseni yangu iko hai. Huu ni mwaka wangu wa saba kazini, na ukitoa miezi michache niliyopangwa kliniki ya mama na mtoto, muda wote nimekuwa leba.

Mama, nimechoka. Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya usiku peke yangu na akina mama wanne. Mmoja njia imeshafunguka sentimita 9, mwingine katoka kujifungua na damu haikati, umeme umekatika na taa ya sola imefifia. Nikawa nafanya kazi huku nimebana simu kwa meno ili tochi imulike. Wote wanne walitoka salama na watoto wao, namshukuru Mungu. Asubuhi nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikalia, na wala sikujua nalia nini.

Kuna kaka mmoja yuko Dar es Salaam, nilimpata kupitia kundi la WhatsApp la wauguzi. Anasema ana mkataba na hospitali za Uingereza. Anataka shilingi milioni 8: milioni 3 sasa na zilizobaki viza ikitoka. Anasema hakuna mtihani wowote. Nitaingia kama mlezi wa wazee, nikikaa miezi sita hospitali inanibadilisha kuwa mkunga. Pasipoti yangu na cheti changu halisi cha stashahada anavyo yeye tangu mwezi uliopita, alisema ni kwa ajili ya uhakiki.

Mimi mwenyewe nilifanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, miezi minne iliyopita. Nilipata 7.5 kusikiliza, 6.5 kusoma, 7 kuzungumza na 6 kuandika. Wenzangu wananiambia nimefeli, wakala ananiambia haihitajiki kabisa. Mume wangu yuko tayari tuuze kiwanja chetu tulichonunua kwa mkopo wangu wa kazini. Mama mkwe hataki hata kusikia. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliye Muscat ananiambia niachane na Wazungu niende Oman.

Na kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Nikiwafikiria wale akina mama wanaotembea kilomita nyingi kuja kwetu, najiona kama msaliti. Nikiondoka, zamu ya usiku inabaki na nani?

Naomba unishauri kama mwanao.

Mkunga wa Zamu ya Usiku, Tabora


Mama Mkunga anajibu:

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa usiku ule. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila nikifika pale kwenye simu uliyoibana kwa meno nasimama kwanza. Nimezalisha miaka mingi hapa nyumbani kabla sijavuka kwenda kufanya kazi Uingereza, na ladha ya ile simu mdomoni saa tisa ya usiku naijua.

Kabla ya yote, kachukue pasipoti yako na cheti chako. Usisubiri mwisho wa mwezi. Ukishindwa kwenda Dar mwenyewe, mtume ndugu unayemwamini na barua yako ya maandishi, avipokee mkononi. Usimwambie wakala umebadili mawazo, mwambie unavihitaji kwa sababu ya uhakiki wa Baraza, na si uongo, utavihitaji kweli. Akianza kuzungusha au akidai hela ndipo avitoe, nenda polisi. Pasipoti ni mali ya Serikali, hana haki ya kuikalia. Na cheti halisi kikipotea, kupata kingine kutoka chuoni ni safari ndefu ambayo simtakii mtu.

Sasa tuyapime maneno yake, maana nataka uone mwenyewe yanapovunjikia.

Anasema utaingia kama mlezi wa wazee. Mlango huo umefungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza haitoi tena viza za kazi ya ulezi kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Kwa hiyo hata ungempa milioni 8 leo, kazi anayokuuzia haina viza ya kuingilia. Anasema miezi sita baadaye hospitali itakubadilisha kuwa mkunga. Hospitali haina uwezo huo, wala mkurugenzi wake, wala waziri. Mkunga ni yule ambaye jina lake limo kwenye rejista ya NMC, lile baraza lao la uuguzi na ukunga, basi. Ukihudumia uzazi bila kuwa mkunga wa rejista hiyo au daktari, na si dharura, wala si mwanafunzi aliye mafunzoni, unatenda kosa la jinai kwa sheria yao. Na kwenye rejista hiyo hakuna anayetoka Tanzania akaingia bila mitihani.

Anasema ana mkataba na hospitali. Hapa ndipo nilipokasirika hasa. Serikali ya Uingereza ina kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nje, na inafuata orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi. Tanzania imo, iko kwenye orodha nyekundu. Maana yake hospitali zao na mawakala wao hawaruhusiwi kuja kututafuta huku. Kenya wako orodha ya njano kwa sababu serikali mbili zilitiliana saini makubaliano mwaka 2021, ndiyo maana ukisikia mwenzako wa Nairobi kapita kwenye mpango wa serikali, usidhani njia hiyo ni yako pia. Lakini sikiliza vizuri: orodha nyekundu haikukatazi wewe. Mtu mmoja mmoja akiona tangazo na kuomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, hakuna ubaya. Kinachoharibu ni mtu wa katikati. Kwa hiyo huyo kaka, mbali na kula hela yako, anaweza kukuharibia kwa mwajiri mwadilifu ambaye angekupokea kama ungeenda kwa miguu yako mwenyewe. Na kwa sheria ya Uingereza ya mawakala ya mwaka 1973, wakala haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Mwajiri ndiye anayelipa.

Kwa hiyo kiwanja kisiuzwe. Mama mkwe wako kwa hili ana haki, hata kama sababu zake ni nyingine.

Njia ya kweli ipo, ni ndefu, na inaanzia kwenye makaratasi yako. Swali la kwanza utakaloulizwa, na ambalo wengi wetu hatujawahi kujiuliza, ni hili: wewe ni muuguzi au ni mkunga? Hapa kwetu tumesomeshwa vyote kwa pamoja, cheti kimoja, leseni moja, leo wodi ya watoto kesho leba. Kule ni fani mbili, sehemu mbili za rejista, mitihani miwili tofauti. Mkunga hapangwi wodi ya wanaume na muuguzi hazalishi. Kama stashahada yako imejumuisha ukunga na Baraza letu limekusajili kwa ukunga, omba kama mkunga. Unaweza pia kuomba sehemu zote mbili, ila kila moja ina mtihani wake na gharama yake.

Nitakuambia ninavyoona mimi. Nafasi za wauguzi ni nyingi kuliko za wakunga, na watu watakushauri uingie kama muuguzi kwanza. Kuna wanaofanya hivyo, kisha wanasoma kozi iliyofupishwa ya ukunga wakiwa kule. Lakini nimewaona wakunga wazuri, mikono ya dhahabu, waliokaa wodi za wazee miaka wakisema mwakani nitarudi leba, na mwakani haifiki. Wewe una miaka saba ya leba. Barua yako nzima ni ya leba. Jaribu ukunga kwanza.

Basi nenda chuoni kwako ukaombe nakala ya matokeo yenye mchanganuo: masomo ya ukunga, saa za darasani na saa za vitendo. Nakala ya kawaida yenye alama tupu inaweza isitoshe. Kama bado unacho kile kitabu chako cha mazoezi, kile ulichokuwa ukisainiwa kila mama uliyemzalisha, kitafute hata kama kiko kwa bibi yako chini ya kitanda. Chuo kikishindwa kukumbuka saa zako, kitabu hicho kinakumbuka. Halafu Baraza letu: NMC watataka uthibitisho wa usajili wako na kwamba huna shauri la kinidhamu, na taarifa hiyo lazima itoke Baraza kwenda kwao moja kwa moja. Bahasha iliyopita mkononi mwako haipokelewi. Utahitaji pia hati ya tabia njema ya Polisi, ile ya kuchukua alama za vidole.

Na majina, mwanangu! Hili limewaliza wengi. Cheti cha kidato cha nne kina majina ya baba, stashahada imeandikwa majina mawili badala ya matatu, leseni ina jina la mume, pasipoti ina herufi moja iliyozidi. Kaa chini uweke kila karatasi mezani, cheti cha kuzaliwa mpaka kitambulisho cha NIDA, uzisome jina kwa jina. Penye tofauti, rekebisha sasa au andaa cheti cha ndoa na kiapo cha mwanasheria. Tofauti ya herufi moja ikigunduliwa katikati ya maombi inaweza kukula miezi.

Kuhusu Kiingereza, hujafeli. Wanaokuambia umefeli hawajui kanuni, na wakala anayesema hakihitajiki anakudanganya, maana kusoma ukunga kwa Kiingereza hapa Tanzania peke yake hakukutoshelezi. NMC wanataka IELTS ya kitaaluma, 7 kusikiliza, 7 kusoma, 7 kuzungumza, na 6.5 kuandika. Wakati wangu hata kuandika ilikuwa 7, na kipengele hicho kilinirudisha nyuma karibu mwaka mzima. Wanaruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi katika mtihani wowote kati ya hiyo usishuke chini ya 6.5 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, wala chini ya 6 kwenye kuandika. Angalia alama zako sasa. Hakuna hata moja iliyoshuka chini ya hapo! Kusikiliza na kuzungumza umeshavuka. Una miezi minane iliyobaki ya kufanya mtihani wa pili, na ndani yake unachotafuta ni 7 ya kusoma na 6.5 ya kuandika, huku ukilinda zile nyingine zisiporomoke. Hapo ndipo weka hela yako ya kwanza. Kwenye kuandika, nusu alama inayokukosesha mara nyingi si msamiati, ni kujibu swali lililoulizwa na kupanga aya. Andika insha moja kila siku ya mapumziko, umpe mwalimu wa sekondari akusahihishe. Kuna pia mtihani mwingine wa Kiingereza, OET, ambao mada zake ni za hospitali, barua ya kumhamisha mgonjwa na kadhalika, wapo wanaouona mwepesi kwao. Ila kwa kuwa umeshafika nusu ya njia na IELTS, mimi ningemalizia huko.

Gharama zenyewe zinajulikana na ziko wazi kwenye tovuti ya NMC, zisome kabla ya kulipa kwa sababu hubadilika. Tathmini ya maombi ni pauni 140. Mtihani wa kompyuta ni pauni 83. Mtihani wa vitendo ni pauni 794, halafu kuna ada ya kuandikishwa mwishoni. Hulipi vyote siku moja. Na ule mkubwa, wa 794, waajiri wengi hulipa wao wanapokuajiri kutoka nje. Piga hesabu na mumeo usiku wa leo, mlinganishe na milioni 8.

Mtihani wa kompyuta unafanyikia kwenye vituo vya Pearson VUE, huhitaji kwenda Uingereza. Una sehemu mbili: hesabu za dawa, maswali 15 ya kuandika jibu, na maswali 100 ya kuchagua kuhusu ukunga wenyewe. Ukifaulu sehemu moja ukaanguka nyingine, unarudia ile uliyoanguka tu. Hesabu usizidharau. Kasi ya dripu, mililita kwa saa, kubadili gramu kuwa mikrogramu, fanya kila siku mpaka zikuchoshe.

Mtihani wa vitendo ndio unaofanyikia kule, katika vituo vichache kama Northampton, Oxford na Leeds. Wakati wangu ulikuwa na stesheni 6, yaani sehemu unazopitia moja moja ukipimwa, sasa ni 10. Nne zinafuatana: kumpima mama, kupanga huduma, kuitekeleza, na kutathmini. Zilizobaki ni ujuzi wa mikono na mengineyo. Naomba nikusimulie yaliyonikuta, maana ningekuwa nimeambiwa na mtu ningejiandaa tofauti.

Kwenye stesheni moja nilimkuta mama wa bandia anayetoka damu baada ya kujifungua. Moyoni nikasema hii ni yangu, nimeifanya usiku mara ngapi. Nikasugua mji wa mimba, nikabonyeza kengele ya msaada, nikachoma oksitosini, nikaangalia kondo la nyuma kama limetoka lote, nikaweka mpira wa mkojo. Mikono ilijua kazi yake na mdomo ulinyamaza, kama tulivyozoea pale unapokuwa peke yako na damu inakimbia. Nikatoka nimejiamini. Nikaanguka stesheni hiyo. Mtahini ana karatasi, na anaweka alama kwa anachokiona na anachokisikia tu. Sikumwambia mama jina langu. Sikumwambia nafanya nini kwenye tumbo lake wala kumwomba ruhusa. Sikutamka damu imefika kiasi gani, wala saa niliyochoma sindano. Kwao mama yule, hata awe wa plastiki, ni mtu anayesikia na anayeogopa, na kumnyamazia ni kosa la kitaalamu sawa na kusahau dawa. Nililia kwenye basi njia nzima. Baadaye nilipowaza nikaona wana haki. Ni akina mama wangapi nimewasugua matumbo bila neno lolote, wakadhani wanakufa?

Niliporudia nilifaulu, na hivi ndivyo nilivyojiandaa. Wewe anza zamu yako ijayo, haina gharama. Kila mama anayelala kitandani mwako, kwa Kiswahili au Kinyamwezi: "Jina langu ni fulani, mimi ndiye mkunga wako usiku huu. Naomba nikushike tumbo nijue mtoto amelalaje. Nikikuumiza niambie, nitasimama." Ukisikiliza mapigo ya mtoto, yataje kwa sauti. Ukichoma sindano, taja dawa, kipimo na saa. Fanya hivyo miezi sita na siku ya mtihani mdomo utafanya kazi pamoja na mikono. Ombi moja linakupa nafasi tatu za kufanya mtihani huo. Ukiishiwa zote, unasubiri miezi sita ndipo uanze ombi jipya.

Kazi sasa. Matangazo ya hospitali za umma za England na Wales, sehemu mbili za Uingereza, yako kwenye tovuti ya NHS Jobs, bure, na Scotland wana yao. Soma tangazo mpaka chini: wakisema hawatoi udhamini wa viza, funga ukurasa huo uende mwingine. Sitakuficha, hali imekuwa ngumu kuliko nilipoenda mimi. Serikali yao imetangaza inataka kupunguza waajiriwa wa kutoka nje wawe chini ya asilimia 10 ifikapo 2035, na mwaka 2025 hata wakunga wapya waliosomea kule kule walikuwa wakilalamika kukosa nafasi. Inawezekana ukaomba mara 30 usijibiwe. Hii ndiyo sababu nyingine sitaki uuze kiwanja. Tumia hela unayoweza kuikosa bila watoto kulala njaa.

Ukipata, utapewa hati ya udhamini, na kwa viza ya watumishi wa afya hulipii ile ada kubwa ya matibabu ambayo wahamiaji wengine hulipia. Utapimwa kifua kikuu hapa kabla ya kuondoka. Mkunga, tofauti na walezi wa wazee, anaruhusiwa kuomba mume na watoto waende naye. Ukifika, unatakiwa ufanye mtihani wa vitendo kwa mara ya kwanza ndani ya wiki 12 tangu kuanza kazi. Mkunga aliyeandikishwa karibuni huanzia daraja la 5 la mshahara, ambalo England kwa mwaka 2025/26 lilianzia pauni 31,049 kwa mwaka kabla ya kodi, na akimaliza kipindi cha kusimamiwa hupanda daraja la 6. Kwa masikio ya Tabora ni hela nyingi. Kodi ya nyumba, nauli na malezi ya watoto vitakuonyesha si nyingi hivyo, hasa mwaka wa kwanza. Soma pia kipengele cha mkataba kinachosema utarudisha kiasi gani ukiacha kazi mapema, na ukikuta hakuna kiwango kilichoandikwa, uliza kwa barua pepe kabla ya kusaini.

Oman siijui kwa ndani, kwa hiyo sitakuzuia wala kukusukuma. Ninachojua ni kwamba nchi za Ghuba huhakiki vyeti kupitia kampuni ya DataFlow, inayoandikia chuo chako na Baraza moja kwa moja, na kuna mtihani wa kompyuta wa Prometric. Wanataka mtu mwenye uzoefu, nawe unao. Makaratasi nisiyochoka kukusisitizia yatakufaa huko pia. Mwombe dada yako akuunganishe na mkunga wa Kitanzania anayefanya kazi wodini huko, umuulize mshahara, makazi na likizo kabla ya yote.

Nimeliacha la usaliti mwisho kwa sababu ndilo lililonigusa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi Tanzania vimeshuka mpaka 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye utafiti wa 2015/16. Wakati takwimu hizo zinasomwa ukumbini, wewe ulikuwa umebana simu kwa meno. Mtu aliyebeba mzigo huo miaka saba hawi msaliti kwa kutaka kupumua. Wala sitakuambia uondoke, maana nami najua zamu hiyo inabaki na nani, na swali lako hilo sijapata jibu lake mpaka leo. Ninachokuomba ni usiondoke kwa kutoroka. Siku mambo yakiiva, andika kuomba likizo bila malipo kwa mwajiri wako kwa njia za kawaida, upate jibu la maandishi. Utoro kazini unaweza kukufukuzisha, na Baraza likiulizwa kuhusu wewe, nataka barua yao iwe safi. Na sasa hivi, kabla ya Uingereza, mwandikie mganga mfawidhi na nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kwamba mkunga mmoja kwa akina mama wanne usiku ni hatari. Taja tarehe, taja taa ya sola. Hata usiposaidika wewe, karatasi hiyo itakuwepo kwa atakayepangwa baada yako.

Ukishapata pasipoti mkononi niandikie. Na niambie jina lililoandikwa kwenye stashahada linafanana na la pasipoti au la, tuanzie hapo.